Mwacheni Alie

Bi Shamsia alikuwa ameahidi, tena mbele ya mwanawe Yasser. Mimba ilipofika mwezi wa saba, mkwewe Sabrina alirudi kutoka kliniki akamwambia jikoni, pale nyumbani Kawajense, kwamba wauguzi wamekataza mtoto mchanga kupewa kitu chochote zaidi ya ziwa la mama yake, na asali wameitaja kwa jina. Asali ya Inyonga ndiyo iliyomsomesha Yasser na kuiezeka nyumba ile bati. Bi Shamsia alimeza hasira, akasema, "Nimesikia, mwanangu." Kusikia alisikia kweli. Kukubali ni habari nyingine, na mwanamke aliyeuza asali miaka ishirini na sita hawezi kuambiwa siku moja kwamba asali ni mbaya akasema ahsante.

Kwa hiyo asubuhi aliyozaliwa mjukuu, Bi Shamsia alikuwa na kichupa kwenye pindo la kanga. Kilikuwa kichupa cha dawa ya kikohozi, kimeoshwa kikaoshwa tena, na ndani yake kulikuwa na asali ya vijiko viwili. Alijiambia hatakifungua, amekibeba basi tu, kama mtu anavyobeba mwavuli siku isiyo na wingu.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijachomoza, katika kituo cha afya kimoja pale mjini Mpanda. Alikuwa mvulana, kilo tatu nukta mbili, na alipotoka alipiga kelele hadi muuguzi wa zamu, Nesi Leticia, akacheka. "Huyu mumwandalie msikiti," alisema. "Ana sauti ya mwadhini." Wote walifurahi, kwa kuwa Sabrina alikuwa amengoja miaka sita, na mara mbili alikuwa ametoka hospitali mikono mitupu. Mtoto anayelia ni mtoto mzima, ndivyo kila mtu anavyojua.

Tatizo ni kwamba hakuacha. Alilia saa kumi na mbili, alilia saa moja, alilia saa mbili. Akipewa ziwa alinyonya mara mbili tatu, kisha akaliachia kwa hasira na kuanza upya. Akisinzia alikoroma kama mzee, halafu akashtuka na kupiga yowe. Wazazi wenzake Sabrina mle wodini walianza kujifunika mashuka hadi vichwani. Mmoja akasema maziwa bado hayajashuka, mwingine akasema ni chango. Mkono wa Bi Shamsia ulikwenda kwenye pindo la kanga, ukagusa kichupa, ukarudi.

Saa nne Yasser akafika. Alikuwa ametoka Inyonga na basi la alfajiri, ameacha madumu yake ya asali kwa wapakizi stendi, suruali imejaa vumbi. Sabrina alikuwa amekataa mtu mwingine yeyote asimwadhinie mtoto. Alitaka iwe sauti ya baba. Yasser akatawadha kwenye bomba la nje, akavaa kofia, akampokea mwanawe, akauelekeza mdomo kwenye sikio la kulia.

Mtoto akazidi kulia. Yasser alianza, "Allahu Akbar," sauti ikamezwa. Akaanza tena, ikamezwa tena. Alimtazama mama yake kwa macho ya kuomba msaada, macho yale yale aliyokuwa nayo akiwa na miaka minne na kiatu kimemshinda kufunga. Sabrina alikuwa amefumba macho, amechoka. Bi Shamsia akafungua kichupa, akachovya kidole kidogo, akakitia mdomoni mwa mjukuu.

Mtoto akafumba mdomo na kunyonya, na kimya kikaingia wodini. Wanawake walishusha mashuka. Yasser akatabasamu, akaendelea na adhana kwa sauti ya chini, tamu, na Bi Shamsia alijisikia amewashinda kliniki nzima. Yasser alikuwa amefika "Hayya alas-salaa" alipoona midomo ya mwanawe imegeuka rangi ya zambarau.

"Mama," alisema. "Mama, mtoto."

Kifua kilikuwa kinabonyea ndani kwa nguvu, mbavu zinaonekana moja moja, lakini hakuna sauti. Nesi Leticia alifika kwa kukimbia, akamnyakua, akamlaza kifudifudi kwenye kiganja, akampiga mgongoni mara moja, mbili, tatu. Mtoto akaachama, akalia. Rangi ikarudi usoni taratibu. Muuguzi akamgeuza, akachungulia mdomoni, akanusa.

"Nani amempa asali?"

Kichupa kilikuwa mkononi mwa Bi Shamsia, kifuniko kiko wazi. Sabrina alifumbua macho akakiona, na uso wake ukabadilika namna ambayo Bi Shamsia hakuwahi kuiona kwa miaka yote waliyoishi nyumba moja.

"Ulisema umesikia," Sabrina alisema.

"Mwanangu, kidole tu…"

"Usimguse tena mtoto wangu. Yasser, mwambie mama asimguse mtoto wangu."

Yasser hakuhitaji kumwambia. Bi Shamsia alitoka mwenyewe, akaketi kwenye benchi nje ya mlango, kichupa mapajani. Aibu ilimchoma kuliko jua la pale nje. Aliwaza kwamba mtoto akifa, hata Mungu akimsamehe, nyumba ile ya bati haitamweka.

Mlango haukufungwa, na kitanda cha Sabrina kilikuwa cha pili kutoka mlangoni. Bi Shamsia aliona kila kitu.

Aliona Nesi Leticia akinyonya uchafu mdomoni mwa mtoto kwa mashine, kimya kimya, uso umekaza. Mtoto alikuwa akilia na alikuwa mwekundu kama udongo wa Inyonga. Mashine ikazimwa, Sabrina akambembeleza, mtoto akanyamaza. Haikupita dakika, midomo ikarudi zambarau. Muuguzi akamtikisa, mtoto akalia, akawa mwekundu.

"Asali imeshuka," muuguzi alimwambia Yasser. "Imeingia kwenye njia ya hewa. Ndiyo maana tunawaambia, nyie mnaona tunawaonea."

Akachukua mpira mwembamba, akataka kuupitisha puani ili anyonye kutoka huko. Mpira ukaingia kidogo ukagoma. Akautoa, akajaribu tundu la pili, ukagoma pia. "Umejikunja," alisema, akauweka pembeni. Alimfungia vijibomba vya oksijeni puani, akafungua mtungi, akachukua simu. Daktari alikuwa hospitali, chumba cha upasuaji, mikono ndani ya mtu. Atakuja akimaliza.

Bi Shamsia alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja wake: hakuamini kitu mpaka akitazame mara tatu. Aliyemletea dumu la asali alisubiri hadi miguu ife ganzi, kwa sababu mama huyu angeitazama juani, kivulini, kisha akaitazama tena juani. Basi ndivyo alivyomtazama mjukuu wake. Alinyamaza, akawa zambarau. Alilia, akawa mwekundu. Alinyamaza, zambarau. Kama ni asali imeziba, aliwaza, mbona kilio hakizibi? Asali haina adabu ya kumpisha mtu anayelia. Na huko alfajiri, kabla kichupa hakijafunguliwa, kile kukoroma na kushtuka kulikuwa kwa nini?

Alijaribu kuifukuza fikra hiyo, maana ilikuwa inamtetea yeye, na mtu mwenye kosa huwa hakosi utetezi. Lakini haikutoka.

Kisha akaikumbuka faneli. Kila siku dukani alimimina asali kutoka kwenye dumu hadi kwenye chupa, na kila msaidizi mpya alifanya kosa lile lile: anaikandamiza faneli mpaka inaziba shingo ya chupa barabara. Asali inashuka kidogo, inasimama. Msaidizi anaongeza asali, anatikisa, anaapa kuwa faneli ina takataka. Haina takataka. Hewa iliyo ndani ya chupa imekosa pa kutokea, basi. Unaiinua faneli kidogo, chupa inapumua, asali inashuka. Bi Shamsia alikuwa amelisema hilo mara elfu: kila chupa inataka njia mbili.

Na mtoto huyu anayo moja. Mdomo. Ukifungwa kwa ziwa, au kwa kidole, au kwa usingizi, amekwisha.

Aliinuka. Nesi Leticia alikuwa anatoka, anaelekea getini kuulizia gari la wagonjwa, na Bi Shamsia akasimama mbele yake.

"Binti yangu, nisikilize. Akilia anapona. Akinyamaza ndiyo anakufa. Pua yake haipitishi."

"Mama, kaa chini."

"Ule mpira haukujikunja."

"Mama." Muuguzi alisema polepole, kama anayejizuia. "Nimekesha zamu ya usiku, sijala, na ninapambana na kitu ulichokifanya wewe. Naomba ukae chini."

Alipita. Bi Shamsia hakukaa. Mlangoni Yasser alikuwa amesimama, mgongo kwake, anatazama kitanda. Na kitandani Sabrina, mama aliyengoja miaka sita, alifanya ambacho mama yeyote angefanya: alimpakata mwanawe anayelia, akampapasa kichwa, akamwimbia kwa sauti ya chini, akamtia ziwa mdomoni.

Kilio kikakatika. Oksijeni ilikuwa inavuma puani, inavuma bure. Mtoto alijikunja, akajinyoosha. Mkono wake mdogo ulifunguka vidole vyote, halafu ukalegea. Bi Shamsia aliona hata ukucha umebadilika rangi.

"Mtoe ziwa," alisema.

Yasser akageuka, akaweka mkono mlangoni. "Mama, umesikia alichosema Sabrina."

"Yasser. Ondoa mkono."

Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mwenye mke na leseni ya biashara, lakini sauti ile aliijua, na mkono ukashuka wenyewe. Bi Shamsia alipita, akamwondoa mtoto kifuani kwa mama yake, akamtia kidole cha shahada mdomoni, akaubonyeza ulimi chini na kuiachamisha taya. Hewa ikaingia kwa sauti, kama mtu anayeibuka kutoka majini. Kisha akamfinya kisigino. Alifinya kwa kucha, kwa makusudi, na mtoto akapiga yowe lililoamsha wodi nzima.

Sabrina alimpiga mkono. "Unamfinya? Unamfinya mwanangu?"

"Namfinya. Nipige, lakini mwache alie." Bi Shamsia alikuwa analia naye, machozi yanashuka bila kufutwa. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, Sabrina. Mtazame midomo. Nakuomba, mtazame."

Sabrina hakutaka, lakini macho ya mama hayajui kukataa. Alitazama. Midomo ilikuwa inageuka, kutoka pembeni kwenda katikati, ikawa ya rangi ya mtoto aliye hai.

"Bado ni asali," alisema, lakini sauti haikuwa ile ya mwanzo.

Bi Shamsia akakamata pindo la kanga, akachomoa uzi mmoja wa pamba kwa meno. Akauning'iniza mbele ya mdomo wa mtoto, uzi ukarukaruka. Akaupeleka kwenye pua, akavivua vijibomba vya oksijeni, akaufumba mdomo ule kwa kiganja kwa muda wa pumzi moja tu. Kifua kilivuta. Uzi ulining'inia wima, haukutikisika, kwenye tundu la kulia wala la kushoto. Akaondoa kiganja, na kilio kikarudi.

Nesi Leticia alikuwa amesimama nyuma yao. Hakuna aliyejua amefika lini. Aliuchukua ule mpira mwembamba aliouweka pembeni, akafungua mwingine mpya, akaunyoosha kwenye mwanga ili wote waone haujakunjwa, akaupitisha puani taratibu. Uliingia kiasi cha ncha ya kidole, ukagota. Akauzungusha. Ukagota pale pale. Upande wa pili, vivyo hivyo, kama mtu anayegonga ukuta.

"Mungu wangu," alisema. Kisha, kwa haraka ya mtu aliyeamka, "Bibi, mshike hivyo hivyo. Kidole chako kisitoke."

Bibi, siyo tena mama kaa chini. Bi Shamsia aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Dokta Maximilian alifika saa sita kasoro, bado amevaa viatu vya plastiki vya chumba cha upasuaji. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ndogo. Alirudia yale ya mpira, akarudia ya uzi, tena akauomba ule ule uzi wa kanga, kisha akachuchumaa mbele ya kitanda ili awe usawa na Sabrina.

"Njia za pua, kule nyuma zinapofungukia kooni, kwa huyu hazikufunguka," alisema. "Zimezibwa tangu tumboni, huenda kwa mfupa. Mtoto mchanga hajui kupumua kwa mdomo, anajua pua tu. Akilia ndiyo anapata hewa. Ni jambo la nadra sana, dada. Mimi nimelisoma chuoni, sijawahi kuliona mpaka leo."

"Ni asali?" Sabrina aliuliza.

"Asali haigeuki mfupa."

Lakini daktari hakuwa amemaliza, alimgeukia Bi Shamsia. "Ila usimpe tena, bibi. Wewe siye uliyemziba, lakini ulimfumba mdomo uliokuwa unamwokoa. Na asali ina vijidudu ambavyo tumbo la mchanga haliviwezi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Bi Shamsia, na safari hii alikubali.

Kifaa kidogo cha kuuweka wazi mdomo wa mtoto wa saizi ile hakikuwepo. Daktari aliomba chuchu ya chupa ya kunyonyeshea. Yasser alikimbia duka la dawa la ng'ambo ya barabara, akarudi nazo tatu, hakujua ipi. Daktari akaikata moja ncha kwa mkasi, tundu likawa pana, akaiosha kwa maji ya moto, akaiweka mdomoni mwa mtoto na kuifunga kwa bandeji hadi kisogoni. Ilikuwa kitu cha kuchekesha, kama mtoto anayepuliza zumari. Wote walisubiri. Mtoto alilia kidogo kupitia tundu, akachoka, akanyamaza.

Hakuna aliyepumua isipokuwa yeye. Bi Shamsia alihesabu moyoni, kumi, ishirini, hamsini. Midomo kuzunguka ile chuchu ilibaki myekundu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mjukuu wake alikuwa amelala.

Upasuaji ungefanyika Mbeya. Simu zikapigwa, barua ya rufaa ikaandikwa, gari la wagonjwa likaletwa na kuegeshwa kwenye kivuli. Maziwa yangepitia kwenye mpira wa mdomoni, matone kwa matone. Safari ilikuwa ndefu, kupitia Sumbawanga, na chuchu ingeweza kuteleza kwenye matuta. Mtu mmoja alitakiwa akae kichwani mwa mtoto bila kusinzia, kidole tayari. Nesi Leticia angekwenda, na mama, na ndugu mmoja tu. Yasser alikuwa ameshachukua begi.

Sabrina alitembea hadi garini ameshika kiuno. Alipofika mlangoni alisimama, akamtazama mkwewe aliyerudi kwenye benchi lake na kichupa chake. Bi Shamsia alitazama chini. Hakuwa na la kudai.

"Mama," Sabrina aliita. "Panda wewe. Yasser hajui kuweka kidole."

Bi Shamsia alikiacha kichupa juu ya benchi, akapanda. Akaketi kichwani mwa mtoto, akanawa mikono kwa maji aliyomiminiwa na muuguzi, akakunja mikono ya gauni.

"Adhana haikuisha," Yasser alisema. Alikuwa amesimama chini, mikono kwenye mlango wa gari, kofia bado kichwani. Alikuwa akiona haya kulisema mbele ya daktari, lakini akalisema. "Iliishia katikati."

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Dokta Maximilian akamwashiria azime.

Yasser akaingiza kichwa ndani, akainama kwenye sikio la kulia, akaanza tangu mwanzo. Pumzi yake ikamwamsha mtoto. Alikunja uso, akakusanya nguvu, akaanza kulia kupitia tundu la chuchu, kilio chembamba kama cha mtu aliye ndani ya debe, lakini kirefu na cha hasira. Yasser akasita. Nesi Leticia, kwa mazoea ya mkono wa miaka yote, akanyoosha kiganja kumpapasa anyamaze.

Sabrina akamshika kiganja.

"Mwacheni alie," alisema. "Baba yake atapandisha sauti."

Yasser akapandisha. Mtoto naye akapandisha yake, na hivyo ndivyo adhana ilivyosomwa hadi mwisho, sauti mbili, moja juu ya nyingine, huku Bi Shamsia akiinama na kuitazama midomo ile, akaitazama tena, kisha akaitazama mara ya tatu.